Pampu mbili, dawa moja, vifo 1,302

Tarehe 24 Septemba 2008 jarida la JAMA lilichapa makala iliyowaacha madaktari wengi wa kifua matumbo joto. Sonal Singh, Yoon Loke na Curt Furberg walikuwa wamekusanya majaribio 17 yenye washiriki 14,783, wote wagonjwa wa COPD, ule ugonjwa sugu wa mapafu unaobana njia za hewa na usiorudi nyuma. Upande mmoja waliwaweka waliotumia pampu za ipratropiamu au tiotropiamu. Upande wa pili waliwaweka waliotumia dawa nyingine au plasebo, yaani pampu isiyo na dawa ndani. Walihesabu mambo matatu kwa pamoja: kufa kwa maradhi ya moyo na mishipa, kupata mshtuko wa moyo, na kupata kiharusi. Waliotumia pampu hizo walipatwa kwa asilimia 1.8, wenzao kwa asilimia 1.2. Uwiano uliotoka ni 1.58, maana yake hatari imepanda kwa asilimia 58.

Oktoba 5, hata wiki mbili hazijapita, madaktari wa mapafu wa Ulaya wakiwa mkutanoni Berlin, yakatangazwa matokeo ya jaribio la UPLIFT: wagonjwa 5,993 katika nchi 37, waliofuatiliwa kwa miaka minne. Tiotropiamu ileile. Safari hii waliopewa dawa walikufa wachache kidogo kuliko waliopewa plasebo.

Mgonjwa aliyekuwa na pampu yake mfukoni mwezi ule amwamini nani? Makala ya kwanza iliandikwa na watafiti wasio na kitu cha kuuza. Ya pili ililipiwa na Boehringer Ingelheim, kampuni ya Ujerumani inayotengeneza dawa hiyo, pamoja na Pfizer iliyosaidia kuiuza. Wengi walikimbilia kuhukumu kwa kuangalia mfuko uliotoa pesa. Hoja hiyo si ya kupuuzwa, ila katika kisa hiki haikutufikisha mbali. Kilichoamua ni maswali makavu zaidi: nani amelinganishwa na nani, aliyeacha dawa katikati alihesabiwa vipi, na nani alizuiwa kuingia tangu mwanzo. Mawili ya kwanza yalipata majibu ndani ya miaka mitano. La tatu, kwa maoni yangu, bado liko wazi.

Kwa nini moyo uliingia kwenye habari ya mapafu

Tiotropiamu, inayojulikana sokoni kwa jina la Spiriva, ilianza kuuzwa Ulaya mwaka 2002 na Marekani ikaidhinishwa Januari 2004. Haiponyi COPD. Inachofanya ni kulegeza njia za hewa ili mtu aweze kupanda ngazi bila kusimama mara tatu, na kupunguza yale mashambulizi ya ghafla yanayompeleka wodini. Neva ya vagasi humwaga kemikali iitwayo asetilikolini kwenye misuli inayozunguka njia za hewa, misuli inakaza, kifua kinabana. Tiotropiamu hukalia vipokezi vya kemikali hiyo na haiachii upesi, ndiyo maana huvutwa mara moja tu kwa siku, tofauti na ipratropiamu iliyoitangulia, ambayo lazima irudiwe mara kadhaa.

Sasa, vagasi hiyohiyo inafika hadi moyoni, na huko kazi yake ni kupunguza kasi ya mapigo. Dawa inayoizuia kwenye mapafu, ikiingia damuni kwa kiasi cha kutosha, inaweza kuuacha moyo uende mbio au upoteze mpangilio. Kwa hiyo shaka haikuzuka hewani. Dalili ya mapema ilikwisha kuonekana katika Lung Health Study, jaribio la Marekani na Kanada lililowafuata wavutaji sigara 5,887 kwa miaka mitano na kuchapishwa mwaka 1994. Vifo vya moyo vilikuwa vingi zaidi upande wa ipratropiamu, ingawa jaribio lenyewe halikuundwa kwa ajili ya kupima jambo hilo.

Halafu kuna ugumu wa ugonjwa wenyewe. Mgonjwa wa kawaida katika majaribio haya ana miaka kama 65, amevuta sigara maisha yake yote, na sigara iliyomharibu mapafu haikuuacha moyo salama. Akifa ghafla usingizini ni dawa? Ni sigara? Ni COPD yenyewe? Kwa mtu mmoja mmoja hakuna daktari anayeweza kujibu. Jibu linapatikana kwa kuhesabu watu wengi sana, kwa muda mrefu sana, waliogawanywa kwa kura.

Wengi kiasi gani? Machi 2008, miezi sita kabla ya makala ya JAMA, Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, ilitoa tahadhari ya awali kuhusu kiharusi. Kampuni yenyewe ilikuwa imejumlisha majaribio yake 29 na kukuta kwamba katika wagonjwa 1,000 wanaotumia Spiriva kwa mwaka mmoja, 8 hupata kiharusi, dhidi ya 6 kwa wanaotumia plasebo. Wawili zaidi kwa kila elfu. Jaribio la watu 300 kwa miezi sita, ambalo linatosha kabisa kuonyesha kwamba pampu inafungua kifua, haliwezi kuona tofauti hiyo hata likirudiwa. Na mtu hatumii pampu hii kwa miezi sita. Anaitumia mpaka mwisho wa maisha yake.

Waliotoka kabla ya mwisho

Hapa ndipo penye utamu wa kisa, na ndipo wasomaji wengi wa habari za afya wanaporuka ukurasa.

Chukua mfano wa mzee aliyepangiwa plasebo. Hajui kama amepewa plasebo, daktari wake naye hajui. Baada ya miezi minne anaona kifua hakifunguki, analazwa mara mbili, mwishowe anasema basi, nitoeni kwenye utafiti huu, nataka dawa ninayoijua. Anatoka. Miezi mitatu baadaye anafariki nyumbani. Je, kifo chake kinaandikwa upande wa plasebo?

Katika majaribio mengi ya zamani, hapana. Hesabu ilisimama siku mtu alipoacha pampu, au wiki chache baada ya hapo. Na wanaotoka si watu wa kubahatisha. Mara nyingi ndio walio hoi zaidi. Kwa kuwa plasebo haimsaidii mtu kupumua, upande wake hupoteza wagonjwa wengi na mapema. Kundi la plasebo linabaki na wenye nafuu, huku kundi la dawa likiwabakiza dhaifu wake kwa sababu dawa inawapa ahueni ya kuwafanya wavumilie. Ukija kuhesabu vifo miongoni mwa waliobaki, dawa itaonekana inaua, kumbe kosa lake ni kuwafanya wagonjwa mahututi wasiondoke.

Mtu asije akadhani hila hii huielemea dawa tu. Inaweza kwenda upande wa pili vilevile. Dawa inayowaletea watu mapigo ya ajabu ya moyo itawafanya waiache, na wakifa mwezi unaofuata vifo vyao havitaandikwa popote. Hapo dawa mbaya inasafishwa na daftari lilelile. Ndiyo sababu mimi nikishika ripoti ya usalama wa dawa ya muda mrefu sianzi na jedwali la matokeo. Naanza na mchoro wa washiriki: waliingia wangapi, walitoka wangapi, na baada ya kutoka nani aliwatafuta.

UPLIFT, iliyoongozwa na Donald Tashkin wa Los Angeles, ilipoteza wengi: karibu asilimia 45 ya waliokuwa kwenye plasebo hawakumaliza na pampu yao, dhidi ya 36 upande wa tiotropiamu. Pengo hilo peke yake lingetosha kuvuruga kila kitu. Kilichoiokoa ni kwamba watafiti waliwatafuta walioacha ili kujua kama bado wako hai. Kwa hesabu hiyo waliokufa ni asilimia 14.9 upande wa dawa na 16.5 upande wa plasebo, uwiano wa 0.89. Namba za namna hii huja na wigo wake, yaani eneo ambamo jibu la kweli huenda limo, na wigo ulikuwa kati ya 0.79 na 1.02. Kwa lugha ya kawaida: dawa huenda imepunguza vifo kiasi, huenda haikubadili kitu, lakini kwamba imeviongeza kwa asilimia 50 au 60 haiwezekani. Kwa kiharusi uwiano ulikuwa 0.95, hivyo ile shaka ya Machi ikaisha nguvu.

UPLIFT haikuanzishwa kwa ajili ya usalama. Lengo lake kuu lilikuwa kuonyesha kwamba tiotropiamu inapunguza kasi ya mapafu kuchakaa, na lengo hilo lilishindikana: makundi yote mawili yaliendelea kupoteza kama mililita 40 za uwezo wa kupuliza kila mwaka. Faida iliyoonekana ni kupumua vizuri zaidi na mashambulizi kupungua kwa asilimia 14. Nadhani kushindwa huko kuliisaidia kuaminika. Ripoti inayokiri waziwazi kwamba swali lake kuu limepata jibu la hapana inasomeka kwa imani zaidi inapozungumzia jambo la pili.

Basi Singh na wenzake walikosea? Sisemi hivyo. Walifanya kazi kwa namba zilizokuwepo, na nyingi zilitoka kwenye majaribio mafupi ambayo hayakuundwa kuhesabu vifo, baadhi yao ya ipratropiamu na si tiotropiamu. Bila kelele yao sidhani kama hatua iliyofuata ingekuwa nzito kama ilivyokuwa. Januari 2010 FDA ilitangaza kwamba ushahidi uliopo hauungi mkono madai ya kiharusi, mshtuko wa moyo au kifo kutokana na Spiriva HandiHaler.

HandiHaler. Jina la kifaa sasa lilianza kuwa na maana.

Respimat yaingia kizimbani

HandiHaler ni kifaa cha unga. Unafungua kifuniko, unatoa kapsuli moja kwenye pakiti, unaiweka kwenye kishimo chake, unafunga mpaka usikie imelia. Unabonyeza kitufe cha pembeni ili sindano zitoboe kapsuli. Kisha unavuta pumzi polepole lakini kwa nguvu ya kutosha kuifanya kapsuli itetemeke ndani, na ule mtetemo unaousikia ndio uthibitisho kwamba unga unatoka. Unavuta mara mbili kwa kapsuli moja. Ndani yake mna mikrogramu 18 za dawa. Kwa mzee mwenye vidole vinavyotetemeka na pumzi fupi, hiyo ni shughuli.

Respimat haina unga wala kapsuli. Unazungusha kitako nusu mzunguko mpaka kigonge, unafungua kofia, unabonyeza huku unavuta, na ukungu mwembamba unatoka taratibu kwa zaidi ya sekunde moja. Mibonyezo miwili kwa siku, kila mmoja mikrogramu 2.5. Jumla ni 5 dhidi ya 18 za unga. Dozi imekuwa ndogo kwa sababu ukungu huo unaingia mapafuni kwa urahisi zaidi, ilhali sehemu kubwa ya unga huishia mdomoni na kooni. Kampuni ilizihesabu dozi hizo mbili kuwa sawa. Ulaya ilianza kuiidhinisha mwaka 2007.

Majaribio ya mwaka mmoja ya Respimat yalipojumlishwa, vifo vilionekana vingi zaidi upande wa dawa kuliko plasebo, hasa kwa wagonjwa waliokuwa tayari na mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio. Mwaka 2010 mamlaka ya dawa ya Uingereza ikawatahadharisha madaktari juu ya wagonjwa hao. Juni 2011 Singh na wenzake walirudi, safari hii kwenye BMJ, jarida la madaktari la Uingereza, na majaribio matano yenye washiriki 6,522. Uwiano wa vifo ulikuwa 1.52, wigo kati ya 1.06 na 2.16. Kibaya zaidi, waliotumia mikrogramu 10 walionekana na hatari kubwa kuliko waliotumia 5, na dozi ikipanda pamoja na madhara mtafiti yeyote hukaa wima. Walikadiria kwamba kwa kila wagonjwa 124 wanaotumia dozi ya 5 kwa mwaka mmoja, mmoja zaidi atakufa. Mwaka uliofuata Richard Beasley wa New Zealand, pamoja na Singh, Loke, Furberg na mwenzao mwingine, walitaka Respimat iondolewe sokoni dunia nzima.

Soma majaribio hayo matano na utaukuta ule ugonjwa wa zamani: plasebo ilipoteza watu wengi kuliko dawa. Juu ya hapo vifo vilikuwa vichache, na penye vifo vichache, vitatu au vinne vikihamia upande mwingine picha yote inageuka. Lakini hakukuwa na UPLIFT ya Respimat ya kukimbilia. Kusema "ni dawa ileile" kusingetosha, maana hoja yenyewe ilikuwa kwamba ukungu unaipeleka damuni kwa namna nyingine. Mwaka 2013 kumbukumbu za madaktari wa Uholanzi nazo zikaonyesha vifo asilimia 27 zaidi kwa watumiaji wa Respimat wakilinganishwa na wa HandiHaler. Takwimu za namna hiyo zina kasoro yake: huenda daktari ndiye aliyempa Respimat yule aliyeonekana hana tena pumzi ya kuvuta unga, yaani mgonjwa zaidi. Kumbukumbu za kliniki haziwezi kutenganisha mambo hayo mawili. Kura ndiyo inayoweza.

Jaribio la kuhesabu vifo

TIOSPIR ilianza mwaka 2010 chini ya Robert Wise wa Johns Hopkins, kwa fedha za Boehringer Ingelheim. Ilichambua wagonjwa 17,135 katika nchi 50, wakiwa wamegawanywa kwa kura katika makundi matatu: Respimat ya mikrogramu 2.5, Respimat ya 5, na HandiHaler ya 18. Ili mgonjwa asijue yuko kundi gani, kila mmoja alipewa vifaa vyote viwili, kimoja kina dawa na kingine kitupu. Haikuwa na tarehe maalumu ya kumalizika. Ilipangwa iendelee mpaka vifo vifike idadi ya kutosha kutoa jibu, utaratibu unaosikika mkali ukiusema kwa sauti, lakini ndio wa haki: jaribio linalofungwa mapema kabla ya vifo kutosha haliwezi kumlinda mtu yeyote.

Kipimo kikuu kilikuwa kifo cha sababu yoyote. Nalipenda chaguo hilo. Ukisema "kifo cha moyo," lazima kamati ikae iamue mzee aliyekutwa amefariki asubuhi alikufa kwa nini, na hapo kuna nafasi ya kuvutana. Kifo chenyewe hakina mjadala.

Hawakuweka kundi la plasebo, na hili lililalamikiwa. Ugumu wao unaeleweka. Baada ya UPLIFT kuonyesha kwamba tiotropiamu inapunguza mashambulizi, kumnyima mgonjwa wa COPD kwa miaka miwili au mitatu kungekuwa na maswali ya kimaadili, na zaidi ya hapo plasebo ingerudisha tatizo la watu kuondoka upande mmoja. Makundi yote matatu yakiwa na dawa inayosaidia, hakuna kundi linalokimbiwa. Tena hali ya mshiriki, yu hai au amefariki, ilijulikana kwa zaidi ya asilimia 99 yao. Ukiniuliza, kazi hiyo ya kuwasaka watu katika nchi 50 ndiyo iliyolipa jaribio thamani yake kuliko ukubwa wa namba.

Swali lilikuwa: je, Respimat si mbaya kuliko HandiHaler kwa kiwango kinachojali? Walikubaliana kabla ya kuanza kwamba kiwango hicho ni 1.25, mwisho wa juu wa wigo ukiuvuka, Respimat imeshindwa. Hiyo namba ni ya makubaliano tu, na mtu anaweza kuuliza kwa haki kwa nini tukubali hata uwezekano wa vifo asilimia 24 zaidi. Matokeo hayakuulazimisha ubishi huo uendelee. Wastani wa kufuatiliwa ulikuwa miaka 2.3. Waliokufa ni 440 kwenye Respimat ya 2.5, 423 kwenye Respimat ya 5, na 439 kwenye HandiHaler. Jumla 1,302. Respimat ya 5 dhidi ya HandiHaler: uwiano 0.96, wigo 0.84 hadi 1.09. Respimat ya 2.5: uwiano 1.00, wigo 0.87 hadi 1.14.

Wale wenye historia ya mapigo yasiyo na mpangilio, ambao tahadhari ya mwaka 2010 iliwalenga, walikufa kwa asilimia 10.6 kwenye Respimat ya 5 na 12.9 kwenye HandiHaler. Na ile hofu ya dozi kupanda pamoja na vifo haikuonekana tena: kundi la 5 lilikuwa na vifo pungufu kuliko la 2.5.

Kuna doa moja ambalo watetezi wa dawa hulipita haraka. Vifo vilivyoandikwa kuwa vya mshtuko wa moyo vilikuwa 10 na 11 kwenye makundi ya Respimat, na 3 tu kwenye HandiHaler. Mimi silipi uzito mkubwa. Ukikata vifo 1,302 katika vikapu vingi vya sababu, kimoja au viwili vitakosa usawa kwa bahati tu, na jumla ya vifo vya moyo na mishipa haikutofautiana kwa maana. Lakini ningependa kuona wakilizungumza, si kulifunika.

FDA iliidhinisha Spiriva Respimat Septemba 2014, miaka saba baada ya Ulaya kuanza.

Nani hakuruhusiwa kuingia

Mnyororo wa hoja uko hivi: Respimat ni salama kama HandiHaler, kwa ushahidi wa TIOSPIR. HandiHaler ni salama kama plasebo au zaidi, kwa ushahidi wa UPLIFT. Kwa hiyo Respimat ni salama. Hoja ni nzuri, ila pete zote mbili zina ufa mahali pamoja. Majaribio yote mawili yaliwakataa waliopata mshtuko wa moyo ndani ya miezi sita, na waliokuwa karibuni wamelazwa kwa moyo kushindwa kufanya kazi au wamepata mapigo mabaya ya moyo yaliyohitaji kubadilisha tiba. Yaani wale hasa ambao neva ya vagasi ikizuiwa ndio wa kwanza kudhurika. TIOSPIR iliwaacha nje pia wenye figo zilizodhoofika, na tiotropiamu hutolewa mwilini kwa njia ya figo. Ni vigumu kuwalaumu waandaaji, kwa kuwa hakuna kamati ya maadili inayofurahia kumwingiza mgonjwa aliyetoka wodi ya moyo wiki iliyopita. Maelezo ya dawa yenyewe Ulaya yanawataja wagonjwa hao wa moyo, yanamtaka daktari awe mwangalifu nao, na yanasema sababu: hawakuwamo kwenye majaribio.

Sharti jingine ndilo linalotugusa sisi wa huku. Kuingia UPLIFT au TIOSPIR mtu alitakiwa awe amevuta sigara kwa kiwango cha angalau pakiti moja kwa siku kwa miaka kumi, au zaidi ya hapo. Mama wa Njombe, Kisii au Bukavu aliyepikia kuni tangu utotoni na hajawahi kushika sigara asingepita mlangoni. Wala fundi ambaye mapafu yake yaliachwa na makovu ya kifua kikuu, na sasa vipimo vyake vinasoma COPD. Afrika Mashariki watu hao ni wengi katika foleni ya kliniki ya kifua.

Kwa miaka mingi swali lilikuwa la nadharia tu, maana tiotropiamu haikuwa ikifika. Katika vituo vingi vya umma mgonjwa bado huondoka na pampu ya salbutamol na ushauri. Lakini mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliiingiza tiotropiamu kwenye orodha yake ya dawa muhimu, na dawa ikishaingia humo wizara hupata sababu ya kuinunua. Daktari atakayeiandika kwa yule mama atakuwa anaazima ushahidi kutoka kwa wavutaji sigara wa nchi nyingine.

Naona anaweza kuuazima. Vipokezi ni vilevile, na upande wa moyo mama asiyevuta sigara huenda akawa na mzigo mwepesi kuliko washiriki wa UPLIFT. Ninayemhofia zaidi ni mgonjwa mwenye shinikizo la damu ambalo halijawahi kupimwa, au moyo uliokwisha kupanuka bila mtu kujua, kwa sababu yeye anafanana na waliokataliwa mlangoni ilhali faili lake halionyeshi hivyo. Kwake yeye, kupimwa mapigo, shinikizo, na kipimo cha umeme wa moyo kama kipo, kabla ya pampu ya kwanza, kuna maana kuliko kubishana kuhusu unga na ukungu. Akianza kuitumia na moyo ukaanza kwenda mbio, au mkojo ukagoma kutoka, taarifa ipelekwe TMDA, mamlaka ya dawa, kwa Tanzania au Bodi ya Famasi na Sumu kwa Kenya, hata kama daktari hana uhakika kwamba dawa ndiyo iliyosababisha. Taarifa za wagonjwa wa aina hiyo hazimo katika majaribio haya mawili makubwa.